Bure si Huru

Watu wengi huchanganya bure na huru. Sanduku la barua pepe la kampuni kubwa ni bure, lakini ufunguo anao mwenye nyumba. Programu huria ni jambo jingine: yeyote aweza kuifungua, kuisoma, kuirekebisha na kumgawia jirani. Kwa hiyo seva yangu iko nyumbani, hapa Bweranyange, makao ya kale ya wafalme wa Karagwe, nayo inaendeshwa na Debian pamoja na Postfix, iliyotolewa mwaka 1998.

Je, huu si ukaidi tu? Umeme ukikatika, seva ya mtumaji hujaribu tena kwa siku kadhaa. Lakini barua zitokazo nyumbani mara nyingi hukataliwa, zikidhaniwa ni taka.

Navumilia kwa sababu barua haina mwenyewe mmoja. Siri ya ndugu aliyeniandikia ni amana mikononi mwangu. Hata hivyo, msomaji, amana haitunzwi kwa nia njema pekee. Asiyeweka nakala za akiba wala kuziba matundu ya programu, heri aiache kwa kampuni. Uhuru bila ulinzi ni mlango wazi.