Nani Atambeba Aliyevunjika Guu?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, kisha wakanyamaza, kana kwamba guu likivunjika hasara ni ya mwenye guu tu. Methali haimtaji mtu atakayeshuka korongoni usiku kumtafuta mkaidi huyo, wala jamaa za mtu huyo waliobaki nyumbani wakisubiri simu. Nchini Iceland, kisiwa cha barafu na volkano kinachopakana na duara la Aktiki, jambo hilo lililoachwa na methali limekuwa swali zito. Wakazi wake hawafiki 400,000, lakini sasa hupokea wageni zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Wageni hao hawaendi kukaa hotelini. Wanakwenda kutembea juu ya barafuto, kuingia mapango ya barafu, kupiga mbizi katika ufa wa Silfra wenye maji ya nyuzi 2 hadi 4 tu, kukwea vilima ili waone lava ikitiririka, na kukata kilomita 55 za njia ya Laugavegur kwa miguu. Je, mtu mzima ana haki ya kuuhatarisha uhai wake apendavyo? Naamini anayo. Ila hatari anayoichukua haiwi yake peke yake, na deni lake huanza kabla hajapiga hatua ya kwanza.

Hoja inayonipinga kwa nguvu zaidi ni ya mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, aliyeiandika katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu uhuru. Kwake, jamii haina mamlaka ya kumzuia mtu kwa ajili ya faida ya mtu huyo mwenyewe; inaweza kumzuia tu asiwadhuru wengine. Alitoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja bovu. Ikiwa hajui ubovu wake na hakuna muda wa kumwonya, mshike umrudishe, kwa maana hakukusudia kuanguka mtoni. Lakini akishajua hatari ilivyo, kazi yako ni kumwonya tu, kisha umwachie uamuzi. Hoja hii ina heshima ndani yake: inamwona mtu mzima kuwa mwenye akili, si mtoto wa kuchungwa. Anayetaka kuikataa asiipuuze.

Tuipime basi katika ufuo wa Reynisfjara, karibu na kijiji cha Vík, wenye mchanga mweusi na nguzo za mawe zilizopangana kama zimechongwa. Bahari hapo inakuwa na kina kirefu karibu sana na nchi kavu, hivyo mawimbi ya Atlantiki hayavunjiki mbali. Dakika kadhaa maji hutulia, kisha wimbi moja hupanda ufuo mbali kuliko yote yaliyotangulia, likamng'oa mtu miguu na kumvuta ndani. Maji ni baridi kali, mchanga na changarawe hujaa nguoni, na kurudi ni vigumu hata kwa mwogeleaji hodari. Watu kadhaa wamekufa hapo. Mabango yamesimamishwa, taa za onyo zimewekwa, na bado wapo wanaogeuzia bahari mgongo ili wapigwe picha. Kwa kipimo cha Mill, daraja limeshatangazwa kuwa bovu. Anayevuka na avuke. Lakini mfano wake unakomea ukingoni. Hauendelei hadi pale mtu anapoangukia majini na watu wengine wakaanza kukimbia kumfuata.

Watu hao wengine ni akina nani? Kazi kubwa ya uokoaji Iceland hufanywa na watu wa kujitolea walio chini ya jumuiya iitwayo Landsbjörg. Kikosi cha kwanza kilianzishwa mwaka 1918 katika visiwa vya Vestmannaeyjar, nyakati ambapo bahari ilikuwa ikiwameza wavuvi. Leo wanachama ni walimu, mafundi umeme, wakulima, wauguzi. Simu ikilia wanaacha kazi au kitanda na kuondoka. Hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo, na kwa kawaida aliyeokolewa hapelekewi ankara. Sehemu kubwa ya fedha za vifaa hupatikana kwa kuuza fataki za Mwaka Mpya. Kila mtalii anayeingia nyikani, ajue asijue, anatembea akiegemea utayari wa watu hawa.

Tukio la Agosti 2024 linaonyesha uzito wa jambo hili. Sehemu ya pango la barafu katika barafuto ya Breiðamerkurjökull ilibomoka wakati kundi la watalii likiwa hapo. Mtu mmoja alikufa na mwingine akajeruhiwa. Hesabu waliyopewa waokoaji ilionyesha watu 25, kwa hiyo ikaaminika kuwa wawili wamefukiwa. Ilibidi sehemu kubwa ya barafu ichimbwe kwa mikono. Kazi ikasimamishwa usiku kwa sababu ya hatari, ikaendelea kesho yake. Mwishowe ikabainika kwamba kundi lilikuwa na watu 23 na hakuna aliyekuwa chini ya barafu. Waokoaji walihatarisha maisha yao kwa ajili ya watu wawili ambao hawakuwapo, kwa sababu orodha haikuwa sahihi. Na hapa lawama haimwangukii mtalii, ambaye aliamini kuwa aliyepokea fedha zake anaijua barafu ya kiangazi. Anayeuza hatari hubeba deni zito kuliko anayeinunua.

Inaweza kusemwa kwamba waokoaji nao wamechagua wenyewe, hivyo hakuna anayeonewa. Ni kweli wamejitolea, lakini walichojitolea ni kuitika, si kutumiwa ovyo. Dini zetu zinalieleza jambo hili vizuri. Katika Uislamu, kumwokoa anayezama ni fardhi kifaya: wakitokea wa kutosha, wengine husalimika, asipotokea hata mmoja, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Katika Injili, Msamaria mwema hakumuuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia ya Yeriko. Hakupaswa kumuuliza, kwa maana huruma inayoanza kwa mahojiano si huruma. Ila swali hilo halifutiki kwa sababu mwokoaji hakuliuliza. Linarudi kwa msafiri. Kwa kuwa yupo mtu ambaye dhamiri yake haitamruhusu kuniacha nife, natakiwa nijiulize mimi, tena mapema, kama safari yangu inastahili kumgharimu. Mill mwenyewe alikubali kwamba mtu akivunja wajibu wake kwa wengine wanaojulikana, jambo hilo halimhusu tena yeye peke yake.

Wengine wanasema dawa ni fedha: aliyeokolewa alipe. Katika Mlima Kilimanjaro, kwa mfano, ada ya uokoaji hulipwa pamoja na ada za hifadhi. Kuchangia hivyo mapema ni haki, kwa sababu wote wanagawana mzigo. Lakini bili inayokuja baada ya ajali ina ubaya wake. Anayeiogopa huchelewa kupiga simu hadi giza liingie na hali ya hewa ichafuke, na hatari ya mwokoaji ikaongezeka. Tena aliyelipa huenda akajiona amenunua haki ya kuzembea, ilhali hakuna bei inayolingana na baba wa watu anayening'inia kwenye kamba.

Je, hoja hii haitafunga milango yote? Hapana. Mwaka 2022 polisi wa Iceland waliwakataza watoto chini ya miaka 12 kwenda kwenye volkano ya Fagradalsfjall, na huo ulikuwa uamuzi wa haki, maana mtoto hakujichagulia hatari. Mtu mzima aliyejiandaa ni habari nyingine. Kusimama mbele ya kitu kikubwa kisichomjali humfunza binadamu unyenyekevu, na ajali inaweza kumpata hata aliyefanya kila kitu sawasawa. Huyo akiokolewa hana cha kuonea aibu. Ninayemlaumu ni yule aliyekuwa na onyo mbele ya macho yake akalipita kwa ajili ya picha.

Wajibu wenyewe si mgumu. Msafiri anaweza kuacha maelezo ya njia yake bure katika huduma ya SafeTravel, kusoma utabiri wa hali ya hewa, kumsikiliza anayemwongoza, kukaa mbali na maji taa inapowaka nyekundu, kupiga namba ya dharura 112 mapema, na kukubali kurudi hata kama amelipa nauli kutoka mbali. Anayefanya hivyo yuko huru kweli. Asiyefanya hivyo asijiite jasiri, kwa sababu ujasiri anaoutegemea ni wa watu wengine.