Gray Nane

Ini lenyewe haliumi. Kinachouma ni utando mwembamba unaolizunguka, pale vivimbe vinapolijaza ini na utando ukavutika. Mara nyingi vivimbe hivyo si wenyeji wa hapo. Damu itokayo utumboni hupitia kwanza kwenye ini, kwa hiyo saratani ya utumbo mpana ikianza kusambaa, huko ndiko inakofikia kwa wepesi.

Ikifika hatua hiyo, jamaa hubaki na swali moja: atapona? Wakijibiwa kuwa hapana, wengi huona hakuna la kufanya tena ila kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumficha habari yenyewe.

Lakini lipo la kufanya. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kanada. Wagonjwa 66 wenye maumivu ya saratani kwenye ini, wengi wao ikiwa imetoka kwingine mwilini, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walitunzwa na kupewa dawa za maumivu. Nusu yao wakaongezewa mionzi, gray 8 (gray ni kipimo cha dozi ya mionzi), mara moja tu. Baada ya mwezi, kati ya waliopimwa tena, asilimia 67 ya waliopata mionzi walikuwa na nafuu, na asilimia 22 ya wenzao.

Linalonivuta zaidi ni kipimo. Haikutazamwa picha ya uvimbe. Mgonjwa aliulizwa anaumwa kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, na namba aliyoitaja ndiyo iliyohesabiwa. Sayansi, yenye mashine za gharama kubwa vile, ilikaa kitako kumsikiliza mtu.

Kuna atakayesema nafuu ya namna hii ni makombo, kwa kuwa kifo kiko palepale. Sikubaliani naye. Anayesema hivyo anadhani siku ya leo hupata thamani yake kutoka kesho, kwamba usingizi wa usiku mmoja una maana iwapo tu unaelekea kwenye uzima. Aliyepungukiwa maumivu anaweza kumwita mdogo wake wakamaliza ugomvi wa shamba. Anaweza kutaja anayemdai. Anaweza pia kukaa tu barazani bila kusema neno, na hilo nalo ni lake. Maumivu makali humnyima mtu hata nafasi ya kunyamaza kwa hiari.

Ila mionzi hii haiwezi kutolewa kwa haki juu ya uongo. Ina kichefuchefu chake, na wapo wasiopata nafuu yoyote. Mgonjwa akiambiwa anakwenda kuponywa, atakuwa amekubali kitu kingine kabisa. Aambiwe: mzee, hii ni ya maumivu, ugonjwa wenyewe utabaki. Kisha aachwe aamue, maana anaweza pia kuikataa.