Je, Aumizaye kwa Kuponya Hana Deni?

Iko mithali isemayo, "Mgonjwa haulizwi uji." Maana yake twaijua: jambo limfaalo mgonjwa lisingoje shauri. Nayo ni mithali ya kweli. Lakini mara nyingi watu huipitisha mpaka wake, kana kwamba amtendeaye mgonjwa jema amesamehewa mengine yote. Basi twauliza: mtu aumizapo kwa kuponya, je, ana deni kwake yule amwumizaye?

Na tutwae mfano wa chumba cha wagonjwa mahututi. Humo hulala mtu asiyeweza kuvuta pumzi kwa nguvu zake. Mpira hupitishwa kinywani mwake hata ndani ya koo, na mashine humpulizia hewa. Mpira huo hupita katikati ya nyuzi za sauti. Kwa hiyo hawezi kusema neno, wala kulia kwa sauti. Tena hawezi kukohoa vema, na makohozi yakiachwa huziba njia ya pumzi, naye aweza kufa. Hivyo mwuguzi hana budi kuingiza mpira mwembamba ndani ya ule wa kwanza na kuyanyonya. Kazi hii huokoa, lakini huumiza. Mgonjwa hujiona kama mtu aliyepaliwa, ambaye pumzi zamtoka.

Wengine husema, "Ikiwa ni lazima, na imalizike upesi, maneno ya nini? Kumwambia ni kumwongezea hofu." Sisi twajibu: lililo la lazima ni kunyonya makohozi, si kila uchungu unaofuatana nalo. Uko uchungu usioepukika, na uko uchungu tunaouongeza sisi kwa haraka na kwa kutojali. Huo wa pili haufunikwi na wema wa kazi.

Kwa hiyo mwuguzi mwema huangalia kwanza kama makohozi yapo kweli, asifuate saa tu. Humwambia mgonjwa, hata akidhaniwa hasikii: "Baba, sasa nasafisha njia ya pumzi. Utakohoa kidogo, kisha itakwisha." Maana hofu ya jambo lililotajwa ina mwisho, lakini ashikwaye ghafula hajui litakoma lini, naye ametendewa kama chombo, si kama mtu. Kisha humzidishia oksijeni kabla na baada, na dawa ya maumivu iliyoagizwa humpa mapema. Mpira mwembamba hauzidi nusu ya upana wa ule mkubwa, wala hausukumwi kwa nguvu. Na kila mara kazi haipiti sekunde 15. Ndipo humwacha apumzike.

Lakini asiye na sauti atajulikanaje kuwa aumia? Mwaka 2001 Jean-François Payen na wenzake, huko Ufaransa, walitoa kipimo cha kutazama mambo matatu: uso wa mgonjwa, mikono yake, na jinsi aipokeavyo pumzi ya mashine. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Nao walikijaribu katika kazi hii hii ya kunyonya makohozi. Twajifunza ya kuwa ukimya si ushuhuda wa raha. Anyamazaye kwa kuwa hawezi kusema ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kutazamwa.

Basi twaona deni lipo, nalo ni la namna tatu: kumwambia, kumpunguzia, na kumtazama. Wala si deni la wauguzi peke yao. Sisi nasi huosha kidonda cha mzazi aliyelala kitandani, au humtoa mtoto mwiba, tukisema, "Nyamaza, ni kwa faida yako." Neno hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na mithali yetu isimame. Mgonjwa haulizwi uji. Lakini ampaye na auonje kwanza, usije ukamchoma.