KURUDI SI KUSHINDWA

Jioni moja hapa Kizwite tuliwatolea watoto fumbo la kale. Mtu ana chui, mbuzi na majani. Mtumbwi huchukua yeye na kimoja tu. Asipokuwapo, chui atamla mbuzi, naye mbuzi atakula majani. Avukeje? Kwanza amvushe mbuzi; kisha amvushe chui, arudi na mbuzi; avushe majani; mwisho mbuzi tena. Watoto walikwama pale pa kumrudisha mbuzi, maana walidhani kurudi ni hasara.

Nasi watu wazima je? Tukimkosea jirani, twaona haya kurudi kumtaka radhi. Twasonga mbele, kumbe tumewaacha chui na mbuzi pamoja. Basi, ndugu wasomaji, safari ya kurudi nayo ni sehemu ya kuvuka.