Upepo Usiosikika

Sisi watu wa pwani tunaijua kaskazi na kusi kama tuwajuavyo jamaa wa ukoo: kila mmoja ana msimu wake wa kuja na wa kuondoka. Upepo wa filamu ya The Wind, aliyoiongoza Victor Sjöström, Mswidi, huko Marekani na kutolewa mwaka 1928, hauna adabu hiyo. Unavuma tangu Letty (Lillian Gish) angali ndani ya treni akitokea Virginia, na hauachi.

Ni filamu isiyo na maneno ya kusemwa, nao upepo haumo katika vitu vinavyoonekana. Sjöström aliupiga picha kwa njia ya yale unayoyatenda: mchanga unaogonga dirisha, taa inayopepesuka, nywele zisizotulia. Jangwani Mojave walitumia rafadha za ndege kuurusha mchanga huo. Lakini ustadi wake mkubwa, kwa maoni yangu, umo mahali pasipo na dhoruba. Usiku wa arusi ya Letty na Lige, mchunga ng'ombe aliyeolewa naye kwa kukosa pa kwenda, kamera inaangalia miguu tu: ya mume ikienda na kurudi upande mmoja wa ukuta, ya mke upande wa pili. Lige anambusu kwa nguvu, anaona chuki usoni pake, naye anaahidi kutomgusa tena na kutafuta fedha za kumrudisha kwao. Mtu asiye na ulimi mtamu ndiye mwenye staha.

Mwenye ulimi mtamu ni Roddy, mnunuzi wa ng'ombe. Anamwingilia Letty usiku wa dhoruba, Lige akiwa hayupo. Kulipokucha, Letty anampiga risasi na kumzika mchangani. Kisha, akichungulia dirishani, anaona upepo ukimfukua maiti.

Lige anaporudi, Letty anakiri. Mume anatazama nje, haoni kitu, na anamwambia kuwa aliyeuawa kwa haki hufunikwa na upepo. Hapa ndipo ninapogoma. Tangu lini upepo ukawa kadhi? Upepo ule ule, muda mfupi tu uliopita, ulikuwa ukifukua. Je, lau maiti angeonekana, Letty angekuwa na hatia zaidi? Mwanamke aliyedhulumiwa hahitaji mchanga umtolee ushahidi. Naona kilichomwokoa ni kwamba alisema, na aliyeambiwa akamsadiki bila kumhoji. Ajabu ni kuwa Sjöström hatwambii kama maiti alifukuliwa kweli au aliliona jicho la mwenye hofu. Na hofu ya aliyeonewa hufanana mno na majuto ya mkosa.

Riwaya ya Dorothy Scarborough ya mwaka 1925, iliyokuwa chimbuko la filamu, inamwacha Letty akipotelea dhorubani, akili zimemtoka. Gish alisimulia baadaye kwamba wenye studio ndio waliotaka mwisho wa furaha, na wahakiki wengi wameulaumu. Mimi siulaumu sana. Kifo kingetufungia shauri mapema. Uhai wake unatulazimisha tuulize ataishije na alichokitenda.

Katika picha za mwisho mlango u wazi, Letty amesimama na mumewe, nywele zake zikipeperuka. Upepo haujapungua hata kidogo.