Ndoo 9,479

Mjomba wangu alizikwa siku ileile aliyofariki, baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu Muheza. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa akizungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Majirani walisema ana majini. Bibi alimnywesha kombe. Hospitali walimpa klopromazini, akanenepa, akawa analala mchana kutwa, na wale watu wake wakapunguza sauti bila kuondoka.

Wakati huo nilikuwa nimeanza masomo ya uzamili. Nikiwa nimesimama pale makaburini na udongo mkononi, likanijia wazo ambalo niliona aibu nalo papo hapo: kilichomtesa kimo mle kichwani, nasi tunakifukia bila hata mmoja wetu kukitazama.

Miezi kadhaa baadaye, nikitafuta makala za tasnifu yangu, nikakutana na ndoo za Odense. Katika mji huo wa Denmark, chini ya jengo la chuo kikuu, zimepangwa ndoo za plastiki kwenye rafu, kila moja na namba yake. Ndani yake, katika formalini, zimo bongo za watu 9,479, karibu wote waliofia katika hospitali za wagonjwa wa akili za nchi hiyo kati ya mwaka 1945 na 1982. Wengi walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Zaidi ya elfu moja walikuwa na skizofrenia, maradhi ya mjomba.

Kwa mtafiti, hii ni hazina. Ugonjwa wa Alzheimer ulipata jina kwa njia hii: mgonjwa alifariki Frankfurt mwaka 1906, ubongo wake ukapelekwa Munich, na Alois Alzheimer akaona kwa hadubini madoa na nyuzi zilizosokotana. Skizofrenia haijatoa siri yake kirahisi hivyo. Mpaka leo hakuna doa moja ambalo daktari anaweza kulionyesha kwa kidole na kusema ni hili. Ndiyo maana ndoo za mwanzo zina thamani ya pekee. Klopromazini ilianza kutumika mwaka 1952, kwa hiyo wale waliofariki kabla ya hapo bongo zao hazikuwahi kuguswa na vidonge vya aina hiyo. Ugonjwa umebaki peke yake.

Ila hawakuombwa ridhaa, si wao wala familia zao. Mgonjwa alifariki, fuvu likafunguliwa, ubongo ukachukuliwa na mwili ukazikwa. Habari zilipozagaa, Wadenmark walibishana sana, wengine wakitaka bongo zote zizikwe. Mwishoni Baraza la Maadili la nchi hiyo lilisema zihifadhiwe na zitumike kwa utafiti, na chama cha kutetea wagonjwa wa akili kikaishia kukubali.

Hoja iliyoshinda ni kwamba kuzitupa kungekuwa kosa la pili. Naielewa, lakini nina mashaka na hoja inayomfaa sana mwenye kuitoa. Sisi Watanzania tunaijua lugha hii ya makusanyo. Mangi Meli alinyongwa Moshi mwaka 1900, na ukoo wake umetumia miongo mingi kukitafuta kichwa chake Ujerumani, ambako mafuvu ya watu wetu yalipangwa kwenye rafu kwa jina la sayansi. Najua si sawasawa. Kichwa cha Meli hakikuchukuliwa ili kumponya mtu yeyote. Lakini namba ni namba, na aliyepewa namba hakuulizwa.

Wapo wanaosema maiti haina la kupoteza. Mtu anayesema hivyo hajawahi kuosha maiti. Tunamwaga maji polepole, tunamfunika hata tunapomwosha, hatutaji tulichokiona mwilini mwake. Kama kweli hana la kupoteza, tunamsitiri nini?

Na hata hivyo, kinachonisumbua zaidi kuhusu Odense si kile kisu cha baada ya kifo. Wagonjwa wale hawakuulizwa wakiwa hai pia: walale wapi, wameze nini, waende nyumbani lini. Kuchukuliwa ubongo bila ruhusa kulikuwa mwendelezo tu wa siku zao za kawaida wodini. Ungewarudishia vipi heshima kwa kuzika ndoo?

Mwaka huu nilimwambia mama lile wazo la makaburini. Nilidhani atanifukuza jikoni. Aliendelea kukuna nazi, kisha akauliza, "Wewe ulimuuliza?"

Nikasema mama, mtu alikuwa amekufa.

"Nasema alipokuwa hai. Miaka yote uliyokuwa ukimpelekea chai, uliwahi kumuuliza hao watu wanamwambia nini?"

Sikuwahi. Nilikuwa naweka kikombe kwenye kigoda na kuondoka haraka, nikiogopa asije akaanza kuongea. Nilikuwa tayari kuutazama ubongo wake kwa hadubini, ilhali yeye mwenyewe sikuwahi kumtazama vizuri.

"Mimi nilimuuliza," mama akasema. "Walikuwa wanamwita kwa jina la utotoni. Ndiyo maana alikuwa anaitika."

Katika tasnifu nimetumia matokeo ya utafiti uliofanywa kwa bongo za Odense. Sikuona njia ya kuandika sura ya tatu bila hayo, na sitajifanya kwamba nilisita sana. Ila nimeongeza sentensi moja kwenye maelezo ya sampuli, kwamba watu hao hawakuombwa ridhaa. Msimamizi wangu ameizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni: "Inahusiana vipi na mbinu?" Natakiwa kumjibu kabla ya Ijumaa. Nimeshaandika majibu mawili marefu na kuyafuta yote. Sentensi bado ipo.