Mja Mzito, Amri ya Jeshi na Chanjo

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu katika kiza cha tumbo la mama yake, akamwekea riziki yake na ajali yake kabla hajauona mwangaza. Rehema na amani zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, liko suali ambalo huzungumzwa mabarazani na hata katika darsa zetu. Mwanamke aliye askari, naye ana mimba, akiamrishwa na wakubwa wake achanjwe, je, yafaa akatae? Wako wanaojibu mara moja kwamba amri ni amri, na askari hana kauli. Na wako wanaojibu mara moja kwamba chanjo zote ni hila ya makafiri ya kutukata uzazi. Majawabu yote mawili yametoka mdomoni kabla ya kupita akilini. Wanavyuoni wetu wametufunza kwamba hukumu ya jambo hufuata kulijua jambo lenyewe. Basi na tulijue kwanza.

Tarehe 24 Agosti 2021, Lloyd Austin, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, aliamrisha askari wote wa nchi ile wachanjwe chanjo ya Korona. Walio wengi walitii. Waliokataa wakafukuzwa jeshini walizidi 8,000. Wengine walikwenda mahakamani kwa hoja ya dini, na mwezi wa Januari 2022 hakimu mmoja wa Texas akaizuia serikali isiwaadhibu askari wa majini waliokuwa wameishitaki. Mwisho Bunge la nchi ile likapitisha sheria ya kuiondoa amri hiyo. Rais Joe Biden akaitia saini tarehe 23 Desemba 2022, na tarehe 10 Januari 2023 Austin mwenyewe akaifuta. Kisha tarehe 27 Januari 2025 Rais Donald Trump akaagiza wafunguliwe mlango wa kurudi wale waliofukuzwa kwa ajili hiyo tu.

Katika ugomvi huo mkubwa, mja mzito alikuwa na hoja yake mbali. Chanjo zile zilipojaribiwa mwaka 2020, wanawake wenye mimba hawakutiwa katika majaribio yale makubwa ya mwanzo. Basi mama aliyeuliza katika miezi ile, "Ni nani aliye kama mimi aliyejaribiwa?" hakuuliza upuuzi. Ulimwengu haujasahau dawa iliyoitwa thalidomide, iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikapewa waja wazito kutulizia kichefuchefu. Hata ilipoondolewa madukani mwishoni mwa mwaka 1961, watoto wapatao 10,000 walikuwa wamezaliwa na vilema, wengine bila mikono wala miguu. Khofu ya mzazi ina asili yake, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Walakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Kadiri siku zilivyopita, wanawake wengi wenye mimba walichanjwa, nao wakaangaliwa na madaktari. Ikadhihirika kwamba maradhi yenyewe ya Korona ndiyo yenye khatari zaidi kwa mja mzito: humzidishia khatari ya kulazwa mahututi, ya kuzaa kabla ya wakati, na ya kuzaa mtoto aliyekwisha kufa. Tarehe 11 Agosti 2021, siku chache kabla ya amri ya jeshi, idara ya Marekani ya kuzuia maradhi iliwahimiza waja wazito wachanjwe. Ilimu ilikuwa imefika, lakini ilikuwa ingali changa masikioni mwa watu.

Tena tujue kwamba chanjo si kitu kimoja. Desemba 2002 serikali ya Marekani ilipoamua kuwachanja askari wake ndui, waja wazito waliwekwa kando. Sababu ni kwamba chanjo ile ina kijidudu kilicho hai, nacho chaweza kumfikia mtoto tumboni. Chanjo za Korona walizopewa askari hazikuwa na kijidudu cha Korona kilicho hai. Na sindano ya pepopunda, ambayo mama zetu na dada zetu hupigwa kliniki wakiwa na mimba, haina uhai wowote. Humkinga mama, na kinga yake humfikia mtoto kabla hajazaliwa. Mwenye kuzihukumu zote kwa neno moja, la kukubali au la kukataa, amehukumu asilolijua, na Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa ametukataza kuyafuata tusiyokuwa na ilimu nayo.

Sasa natutazame sharia. Mwanamke wa kabila la Ghamid alimjia Mtume s.a.w. akakiri dhambi kubwa, naye ana mimba. Mtume hakumpitishia hukumu. Alimwambia ende zake mpaka azae, na baada ya kuzaa akamwacha mpaka mtoto aachishwe ziwa. Fikirini, ndugu zangu! Hiyo ilikuwa haki ya Mwenyezi Mungu Mwenyewe, nayo ilingojea kwa ajili ya kiumbe kilicho tumboni ambacho hakina kosa. Na Ramadhani, iliyo nguzo ya dini, mja mzito ana rukhsa ya kufungua akichelea nafsi yake au mtoto wake. Ikiwa amri za Mola hungoja, amri ya jemadari haiwi ngumu kuliko hizo.

Ama utiifu wa askari, nao una mpaka. Mtume alipeleka kikosi, akakiwekea amiri, akawaamrisha wamtii. Yule amiri akakasirika, akawaambia wakusanye kuni na wawashe moto, kisha akawaamrisha wauingie. Wakasita, wakasema wao walimkimbilia Mtume ili waepukane na moto. Khabari ilipomfikia Mtume, aliwaambia kwamba lau wangaliuingia wasingalitoka, na kwamba utiifu ni katika jambo jema tu. Lakini angalieni: moto ule waliuona kwa macho yao, hawakusikia uvumi wa moto. Mwenye kukataa amri na awe na moto anaoujua, si moshi aliosimuliwa barabarani.

Na Sayyidna Umar, alipokuwa safarini kwenda Sham, akapata khabari ya tauni, aliwashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, ndipo akaamua kurudi. Hakufuata khofu yake peke yake, wala hakusema kwamba tawakkuli yatosha. Aliuliza, kisha akatenda.

Basi jawabu letu ni hili. Ikiwa chanjo yajulikana kuwa yaweza kumdhuru mtoto tumboni, mwanamke huyo ana haki ya kuikataa, na mkubwa wake amekosa kumlazimisha, kwa kuwa Mtume ametukataza kudhuru na kudhuriana. Ikiwa tabibu mwaminifu aijuaye hali yake amemwambia kwamba chanjo yamfaa yeye na mwanawe, basi kuipokea ni katika kuihifadhi nafsi, na kukataa kwa uvumi si uchaji wa Mungu. Na ikiwa moyo wake haujatulia, na asubirishwe. Apewe kazi nyengine mbali na msongamano wa kambi na merikebu, maana maradhi ya kuambukiza hayamdhuru yeye peke yake, na wenziwe nao wana haki juu yake. Mimba ni miezi tisa. Jeshi lenye nguvu halishindwi kungoja miezi tisa. Lisilofaa ni kumweka mama baina ya mwanawe na mkate wake, kisha kuambiwa kwamba amekhiari mwenyewe.

Liko jambo moja la mwisho, nalo latuhusu sisi khasa. Wengi siku hizi wakiogopa kitu husema, "Dini yangu yanikataza." Ikiwa dini haikukukataza, usiisingizie. Sema naogopa, wala hapana aibu, kwani khofu ya mama ni udhuru unaostahiki kusikilizwa. Lakini kumzulia Mwenyezi Mungu neno asilolisema ni dhambi nzito kuliko adhabu yoyote ya jeshi. Nasi wanaume tulioketi mabarazani, tusiokuwa na mimba wala hatukuapishwa kiapo cha askari, tuzuie ndimi zetu tusimtie mwanamke khofu kwa maneno tuliyookota njiani. Mtoto wake akipotea kwa maneno yetu, tutaulizwa sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie wenye kuuliza kabla ya kusema, awahifadhi mama zetu na vilivyomo matumboni mwao, na awape wenye amri huruma na insafu. Amin.